Yuniti zimekwisha, taa bado inawaka: hiyo si bahati

Tuseme uko Nkwenda, saa mbili usiku. Rimoti ya LUKU imekuwa ikipiga kelele tangu mchana, na sasa inasoma sifuri. Umeshaandaa tochi, lakini giza haliji. Taa inawaka, redio inaongea, simu inaendelea kuchaji. Kesho yake ni vilevile. Jirani anakwambia, "Nyamaza, hiyo ni bahati yako."

Maswali ya namna hii tunayapata kutoka kwa wasikilizaji wetu wa Karagwe na Kyerwa, pamoja na lile la upande wa pili: "Yuniti ninazo, mbona umeme hauingii ndani?" Yote mawili yanaweza kutupeleka kwenye kifaa kimoja kidogo kinachoitwa rilei. Katika makala hii tunaeleza rilei ni nini, inaharibikaje, viwanda na mafundi wanagunduaje kwamba ni mbovu, na wewe nyumbani unaweza kufanya nini bila kujiweka hatarini.

Rilei ni nini

Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi kwenye chuma. Mafundi wanauita koili. Umeme mdogo ukipita kwenye koili, chuma kile kinakuwa sumaku na kuvuta kibati. Kibati kikivutwa, ncha mbili za madini zinagusana na umeme mkubwa unapita. Koili ikikosa umeme, springi inarudisha kibati mahali pake, ncha zinaachana, umeme unakatika. Ule mlio wa "tak" unaousikia ni kibati kinachogonga.

Rilei ya ndani ya mita ya LUKU ina tofauti kidogo. Inapewa umeme wa kitambo kifupi tu ili ibadilike, kisha inabaki hivyo, imeunganisha au imekata, bila kuendelea kula umeme. Yenyewe ndiyo inayotekeleza amri: yuniti zipo, unganisha, yuniti zimekwisha, kata.

Ukishaujua mlio wake utagundua rilei ziko kila mahali. Ipo kwenye kile kiboksi cha kulinda friji, ambacho hukata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, kisha husubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Zipo kadhaa kwenye stebilaiza, ndiyo maana inalia tak-tak umeme unapoyumba. Ipo kwenye inveta ya sola inayobadilisha kati ya betri na umeme wa TANESCO. Ndugu yake mkubwa, kontakta, huwasha mota za mashine za kusaga na pampu za maji.

Kwetu huku vifaa hivi vinafanya kazi nyingi. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera umepokea umeme kutoka Uganda kwa laini ya kilovolti 132 itokayo Masaka kuja Kyaka na Bukoba. Kutoka kwenye laini kubwa, laini ndogo husafiri mbali juu ya vilima na katikati ya migomba hadi kuvifikia vijiji vyetu. Umbali huo hupunguza nguvu ya umeme, na mvua za radi huukatakata. Kila umeme unapoyumba, kukatika na kurudi, kuna rilei mahali fulani inayogonga.

Inavyoharibika

Rilei huharibika kwa njia kuu tatu.

Ya kwanza, inashindwa kuunganisha. Pengine koili imekatika au imeungua, pengine springi imevunjika, pengine uchafu umekaa kati ya ncha mbili. Hapo unakosa umeme. Ni usumbufu, lakini angalau utajua siku hiyohiyo kwamba kuna tatizo.

Ya pili, inaunganisha vibaya. Kila ncha zinapoachana huku umeme mkubwa unapita, cheche huruka na kula madini kidogo. Baada ya muda ncha zinakuwa na vishimo na weusi, na umeme unapita kwa shida. Kitu kinachopitisha umeme kwa shida huchemka. Hesabu yake ni hii: kama ncha zina ukinzani wa omu 1 na umeme unaopita ni ampia 10, moto unaozalishwa hapo ni wati 100. Ni sawa na kuweka balbu ya zamani ya wati 100 ndani ya kiboksi cha plastiki kilichozibwa. Nyumba nyingi zilizoungua kwa kile tunachokiita "shoti" zinaweza kuwa zilianzia kwenye kiungo kilicholegea au ncha zilizochakaa namna hii.

Ya tatu, inashindwa kukata. Cheche kubwa huyeyusha ncha, zikipoa zinakuwa zimeshikana kama zilizochomelewa. Unaiamuru ikate, yenyewe imeganda. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haina dalili. Taa inawaka na friji inaunguruma, na kila mtu ameridhika, wakati mlinzi wa nyumba ameshakufa.

Sasa unaona kwa nini tunasema ile taa ya Nkwenda si bahati. Rilei ya mita ikiganda, mita inaweza kuendelea kuhesabu kwenda chini ya sifuri, na ukija kununua yuniti zinakatwa kufidia deni. Zaidi ya hapo, ncha zilizoganda ni ncha zilizowahi kuchemka hadi kuyeyuka. Usisubiri zichemke tena.

Au chukua mfano wa jenereta lenye kibadilishaji cha kujiendesha, kinachochagua kati ya TANESCO na jenereta. Kikiwa ni cha bei rahisi kisicho na kizuizi cha chuma cha kuzuia pande zote mbili zisiunganishwe kwa pamoja, na ncha za upande wa TANESCO zikaganda, umeme wa jenereta lako unaweza kupanda kwenye nguzo. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anaweza kuuawa na jenereta la dukani kwako, na wewe usijue kabisa.

Nondo aliyeingia kwenye historia

Kwetu msimu wa senene si jambo la kuelezana. Taa kali huwashwa, mabati hupangwa, na wadudu huja kwa wingi, senene na wengine tusiowahitaji. Wadudu hao huingia pia kwenye masanduku ya swichi na kontakta yaliyoachwa wazi, na mjusi naye huwafuata.

Usidhani ni shida ya kijijini tu. Mwaka 1947 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa wanaendesha kompyuta kubwa iliyofanya hesabu zake kwa kutumia rilei. Mashine ilianza kukosea. Walipoipekua wakamkuta nondo amenaswa kwenye rilei namba 70. Wakamtoa, wakambandika kwa gundi ya karatasi kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba wamempata mdudu. Daftari lile lipo hadi leo kwenye makumbusho ya taifa ya Marekani, nondo akiwa bado amebandikwa.

Tunachojifunza ni kwamba mashine haikuzimika. Iliendelea kutoa majibu, ila majibu yenyewe hayakuwa sahihi. Mashine yenye rilei mbovu inaweza kuendelea kuongea kwa kujiamini huku inadanganya.

Kiwandani wanazipimaje

Mita hazipimwi kwa mkono moja moja. Hupangwa nyingi kwenye meza ndefu, kompyuta ikaziamuru na kuzipima yenyewe. Inaiambia rilei ya kila mita "unganisha", kisha inapima kama umeme unapita na kama ukinzani wa ncha ni mdogo. Rilei mpya ya kawaida inatakiwa iwe chini ya sehemu ya kumi ya omu, na zile za umeme mkubwa huwa chini zaidi. Kisha inaiambia "kata", na kupima kama kweli hakuna kinachopita. Inapima pia ukinzani wa koili, na muda wa kugonga, ambao kwa rilei nyingi ndogo ni sehemu chache tu za elfu za sekunde. Rilei inayoanza kuchelewa ni rilei inayoanza kuumwa.

Vipimo hivi hurudiwa mara nyingi, kwa sababu kuna ubovu wa kujificha: leo upo, kesho haupo, ukipoa haupo, ukichemka unarudi. Tena rilei ndogo ya kawaida huweza kugonga mara milioni kadhaa ikiwa haina mzigo, lakini ikibeba mzigo wake kamili maisha yake hushuka hadi kama mara laki moja. Ndiyo maana kupima bila mzigo hakutoshi.

Nani anampima mpimaji

Hapa kuna jambo ambalo watu wachache hulifikiria. Ile meza ya kupimia nayo imejaa rilei, na ndizo zinazochagua mita ipi ipimwe sasa na ipi isubiri. Nazo zinaharibika kama rilei nyingine yoyote. Mganga hajigangi.

Fikiria rilei ya meza inayochagua mita namba 3 imeganda. Kompyuta inadhani imeiacha mita namba 3 na sasa inapima namba 7. Kumbe zote mbili zimeunganishwa kwa pamoja. Kama namba 7 ni mbovu, haiunganishi, umeme utapita kwenye namba 3 na kompyuta itaandika kwamba namba 7 ni nzima. Mita mbovu inapakiwa kwenye boksi, inasafiri, na siku moja inafungwa kwenye ukuta wa mtu Kaisho au Nyaishozi.

Wanaepukaje hilo? Kwa njia ambayo mkulima yeyote wa kahawa anaijua. Ukipeleka kahawa kwenye chama cha msingi, kabla gunia halijapanda mzani unatazama mambo mawili. Mzani mtupu unasoma sifuri? Ukiwekewa jiwe la kilo 20, unasoma 20? Mzani unaosoma kilo 2 ukiwa mtupu, au kilo 18 ukiwa na jiwe la 20, hauupi gunia lako.

Meza ya kupimia hufanyiwa hivyohivyo kila siku kabla ya kazi. Kwanza mita zote zinaondolewa na rilei zote za meza zinaamriwa zikate. Huu ndio mzani mtupu: kompyuta haitakiwi kuona chochote. Kisha inawekwa rezista inayojulikana, tuseme ya omu 100. Hilo ndilo jiwe la kilo 20. Rilei zinaamriwa kuunganisha moja baada ya nyingine, na kila moja inatakiwa kuleta 100.

Majibu yanajieleza yenyewe. Rilei imeamriwa ikate na kompyuta bado inasoma 100: imeganda. Imeamriwa iunganishe na hakuna kinachosomeka: haigongi, au koili imekatika. Imeunganisha lakini inasoma 103: ncha zimechakaa na zimeongeza omu 3 zao. Rilei hiyo ya mwisho ni hatari kwa namna yake, kwa sababu itaifanya kompyuta ikatae mita nzima na kusema ni mbovu.

Kisha majibu yanaandikwa kila siku. Rilei iliyosoma 100 mwezi uliopita, ikasoma 101 wiki iliyopita na leo 102, haisubiriwi ifike mwisho. Inabadilishwa mapema, kama unavyobadilisha tairi la pikipiki kabla halijapasukia kwenye mteremko.

Na kuna kanuni moja ya watu wa kupima tunayoipenda: mara mojamoja ipe mashine kitu unachojua ni kibovu. Ikikipitisha, iliyougua ni mashine. Mpimaji ambaye hajawahi kukataa kitu chochote ni wa kumtilia shaka.

Fundi wa mtaani na mlio wa testa

Mafundi wetu wa Kayanga, Omurushaka na kwingineko hawana meza za kompyuta. Wana testa. Wengi hupima rilei kwa mlio: wanaweka nyaya mbili kwenye ncha, testa ikilia "piii" wanasema ni nzima.

Ndugu fundi, mlio huo una mtego. Testa nyingi hulia hata ukinzani ukifika makumi ya omu. Ncha zenye omu 2 zitalia vizuri kabisa, na ukizipitishia ampia 10 zitatoa wati 200 za moto. Mlio unakuambia njia ipo. Haukuambii kama njia hiyo inaweza kubeba mzigo.

Kipimo bora ni kupima volti kati ya ncha mbili wakati rilei imeunganisha na mzigo unafanya kazi. Ncha nzima zitakuonyesha karibu na sifuri. Ukiona volti nzima au zaidi, ujue zimechakaa. Kisha iamuru ikate, na upime tena kama kweli imekata. Vipimo viwili, kama kwenye mzani. Kazi hii inafanyika umeme ukiwa hai, kwa hiyo ni ya fundi mwenye leseni na vifaa vyake, si ya kujaribu nyumbani.

Wewe nyumbani ufanye nini

Huhitaji kufungua kitu. Macho, masikio na pua vinatosha.

Sikiliza. Kiboksi cha kulinda friji kinatakiwa kusubiri kidogo, kisha kilie "tak" na kuwasha. Kikilia mfululizo bila kutulia, huenda umeme wako ni mdogo mno au rilei inachoka.

Tazama. Taa ya kiboksi ikionyesha kwamba kimekata lakini friji bado inaunguruma, rilei imeganda. Friji hiyo haina mlinzi tena. Kwa nyumbani ni hasara ya friji. Kwa zahanati inayotegemea stebilaiza ni jambo zito zaidi, kwani chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Nusa. Harufu ya plastiki inayoungua, au plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia karibu na mita, soketi au kiboksi, ni dalili ya ncha au kiungo kinachochemka. Zima swichi kuu, ita fundi.

Bonyeza kitufe cha T. Kama sanduku lako la umeme lina breka ya usalama yenye kitufe kilichoandikwa T, kimewekwa kwa ajili hii hasa. Ukikibonyeza, kinatengeneza uvujaji mdogo wa uongo ili kuona kama breka itakata. Ikikata, ni nzima, irudishe. Isipokata, haiwezi kukuokoa siku mtoto atakapogusa waya. Usikae nayo.

Kuhusu mita, tofautisha matatizo. Kama mita inakataa namba 20 za tokeni, hilo si suala la rilei. Utakumbuka mita zote za aina hii duniani zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na ambayo haikuboreshwa hukataa tokeni mpya. Kama tokeni imekubali na yuniti zinaonekana lakini ndani ni giza, angalia kwanza kama jirani ana umeme, kisha swichi kuu na breka zako. Zote zikiwa sawa, rilei ya mita ni mshukiwa, toa taarifa TANESCO. Mfumo wa mita hizi una hata tokeni maalum ya kupima kama rilei inaunganisha na kukata, ambayo mtaalamu anaweza kuitumia bila kufungua mita.

Na kama yuniti zimekwisha na umeme unaendelea, toa taarifa vilevile. Usiifungue mita wala kugusa sili yake. Ukikutwa sili imekatwa, utakuwa na kazi ya kueleza kwamba ubovu ulianza wenyewe, na maelezo hayo ni magumu. Taarifa uliyoitoa mapema ndiyo ushahidi wako kwamba hukuchezea mita.

Tulizoea kufikiri kwamba kifaa kisicholalamika ni kizima. Kwa taa na redio huenda ni kweli. Kwa vifaa vya kutulinda na vya kupimia si kweli, kwa sababu kazi yao kubwa inakuja siku moja tu, na siku hiyo hakuna muda wa kujaribu. Basi jioni ya leo, kama una kile kitufe cha T, kibonyeze ukiwa na tochi mkononi. Kisha tutumie ujumbe, utuambie nyumba yako iliingia giza au la. Safari hii, giza ndiyo habari njema.